Macho ya Mgeni wa Siku Mbili

Panda gari pale Mombo, anza zile kona za kwenda Soni, na hutakosa abiria wa kutoa somo. Ataangalia korongo lilivyozama, ataangalia migomba ilivyong'ang'ania mteremko, kisha atatikisa kichwa: sisi wenyeji hatujui tulichonacho, mpaka aje mgeni atuonyeshe. Gari zima litaitikia. Somo hilo hilo utalisikia kwenye hotuba za utalii, kwenye mahafali ya shule, hata msibani akikosekana mtu mwenye la maana zaidi la kusema. Mwaka 2022 filamu ya Royal Tour ilipotoka, Rais Samia akimtembeza mwandishi wa Marekani Peter Greenberg, mazungumzo ya vijiweni hayakuwa juu ya nchi iliyoonyeshwa. Yalikuwa juu ya uso wa mgeni: ameshangaa kiasi gani?

Mimi nimechoka kuitikia. Imani hiyo inajifanya unyenyekevu, lakini ndani yake mna dharau, na dharau yenyewe ina historia ambayo kwetu Usambara haihitaji kutafutwa mbali.

Nendeni Kwai. Leo Kwai ni kabichi, karoti na viazi mviringo, ni magunia ya lumbesa yanayosubiri gari la kwenda Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1890 serikali ya Kijerumani ilifungua hapo shamba la majaribio. Wageni wale waliipenda Kwai kwelikweli. Baridi iliwafurahisha, ukungu uliwafurahisha, wakapanda ngano, wakaleta ng'ombe wa kwao, na mji wa jirani, Lushoto ya leo, wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Walichokiona ni Ujerumani iliyopotea njia ikaangukia Afrika. Ndiyo maana hadi leo Lushoto ikisifiwa inaitwa Uswisi, na wenyeji tunachekelea, kana kwamba mtu akikwambia umefanana na binti wa jirani amekusifia wewe.

Baada ya muda mfupi serikali ililikabidhi shamba lile kwa mlowezi binafsi, na kufikia 1902 nguvu ya utafiti ikahamia Amani, Usambara ya Mashariki. Huko nako macho ya mgeni yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yake. Waliona msitu mnene, miti mirefu kama minara, wakahitimisha kwamba penye kijani kingi hivyo ardhi lazima iwe tajiri. Makampuni yakafyeka, yakapanda kahawa, yakangoja mavuno ya ajabu. Kahawa ikadumaa. Udongo wa msitu ule ni mchachu na haba. Utajiri ulikuwa kwenye miti yenyewe na majani yanayooza chini yake, na walipoikata miti waliukata na utajiri. Ndivyo yanavyofanya kazi macho yanayostaajabu bila kuuliza.

Mtu atanikumbusha ua la Usambara. Ni kweli, mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliokota kwenye miamba ya huku, likapelekwa kwao, likapewa jina la ukoo wake, na leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Tunaambiwa: mlikuwa mkilikanyaga! Sawa, tulikuwa tukilikanyaga. Lakini yeye aliona pambo la dirishani, na biashara ya mapambo hayo haikulinda mwamba wala kivuli ambamo ua lenyewe huota porini.

Mwingine atasema viazi na kabichi vinavyomlisha mtu wa Kwai vililetwa na hao hao. Vililetwa, sikatai. Mlowezi aliondoka na mbegu zikabaki, na waliozifanya ziwe riziki ni wakulima waliochimba mifereji mabondeni, wakajua mwezi gani Kariakoo ina njaa ya karoti. Ngano ya mgeni iko wapi?

Sasa tazameni Mtae, au ukingo wa Irente. Watalii husimama pale, chini nyika imetandazwa mpaka upeo wa macho, na wengi huamini kwamba wazee walikaa ukingoni kwa ajili ya mandhari. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na Washambaa na kuandika juu ya ufalme wao mwaka 1974, alieleza hesabu iliyokuwa nyuma ya makazi hayo. Mshambaa alitaka migomba yake iwe juu, Shambaai, na shamba lingine liwe chini, nyikani, ili mvua ikimnyima huku imjalie kule. Ukingoni unafika kote kwa miguu na kurudi siku hiyo hiyo. Wazee wale walikuwa wakiitazama nyika kila asubuhi, ila walikuwa wakitafuta wingu. Kama huko si kuijua nchi yako, sijui kuijua ni kupi. Hakuna aliyewapigia makofi kwa sababu hawakuwahi kusema "wau".

Je, basi mtu wa kuja haoni kitu? Hapo ndipo wasifia-wageni wanaponishangaza zaidi, kwa sababu wana hoja nusu na hawaijui nusu iliyo nzuri. Ufalme wenyewe wa Usambara uliundwa na mhamiaji. Mbegha alitoka milima ya Nguu, na masimulizi yaliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi yanasema alikuwa kigego: meno ya juu yalimtangulia, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi. Ndugu zake wakamnyima urithi, akaondoka na mbwa wake wa kuwindia. Huku milimani aliwakuta watu wenye ndizi na mahindi yanayoliwa na nguruwe mwitu. Akawaua nguruwe, akagawa nyama, akaamua kesi, akaua simba njiani kwenda Vuga, wakamweka mtawala. Masimulizi hayo hayamwonyeshi akisimama ukingoni kusifia kijani. Aliithamini Usambara kwa kuwa ilimpa mahali pa kuwa mtu baada ya kwao kumfanya si kitu. Wambugu nao walikuja na ng'ombe wao, wakakaa, na mpaka leo wana lugha yao humu humu milimani.

Mwalimu Nyerere alipenda kuukumbusha umma ule msemo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Imani ninayoipinga imeng'ang'ania macho ya siku mbili za mwanzo. Yanayonihusu mimi ni macho ya aliyepewa jembe.

Hao tunao kwa maelfu, na hatuwaulizi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, misitu ya miombo yenye mbung'o. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa, jambo lisilo na mfano wa karibu duniani, na mimi hujivunia hilo kuliko Kilimanjaro, maana mlima hatukuujenga sisi. Lakini vyeti vilikaa hadi Oktoba 2014, kwa kuwa waliambiwa wahame kwanza, watawanyike mikoa mingine, waache mashamba waliyoyafyeka kwa mikono yao. Katikati ya kungoja huko, 2013, Operesheni Kimbunga, ule msako wa wahamiaji haramu, ilipita Kagera, Geita na Kigoma, ikasomba hata watu waliokaa nchini miongo mingi. Muulizeni mmoja wa Warundi hao Tanzania ni nini. Atawaambia ni nchi ambayo mtu hulala bila viatu miguuni. Kisha atawaambia habari ya foleni, ya karani, ya neno "mkimbizi" lililomfuata mtoto wake shuleni. Shukrani yake ina meno. Nadhani ndiyo sababu hatumwaliki.

Mtalii ni rahisi. Hudai maji ya moto na njia isiyo na matope, basi.

Na ubaya mkubwa wa imani hii humwangukia kijana wa Kwai. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, la baba likagawanywa tena, kilichobaki ni matuta machache kwenye mteremko. Anashuka Tanga au Dar kuuza mitumba, na nyuma yake anasemwa: haijui thamani ya kwao. Anaijua mno. Ameipima kwa futi, akaona haimtoshi yeye na kaka zake watatu.

Na wageni waliopewa jembe wako hata hapa hapa mkoani Tanga: Handeni pana mahali panaitwa Chogo. Vita vya Somalia vilipolipuka 1991, miongoni mwa waliokimbilia kwetu walikuwamo watu wanaozungumza Kizigua. Mababu zao walichukuliwa pwani hii karne ya 19, enzi za njaa na utumwa, wakauzwa Benadir, wakatoroka hadi bonde la Mto Juba, na huko wakailinda lugha kizazi baada ya kizazi. Waliporudi Handeni walielewana na wenyeji bila mkalimani. Walichoomba ni ardhi na uraia, na wengi wao waliupata. Kama kweli tunaamini kwamba thamani ya nchi anaijua aliyetoka nje, hao ndio wa kwanza kupewa kipaza sauti. Mimi sijawahi kumsikia mhubiri hata mmoja wa somo lile la ndani ya gari akiwataja.