Ukumbi wa Rureke ulikuwa kijiji kizima

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, nchi ya Wanyanga, mashariki mwa Kongo, mghani Shekarisi Rureke aliimba kwa siku 12. Hapakuwa na jukwaa wala tiketi. Manyanga ya kibuyu mkononi, njuga miguuni, alisimulia, akaimba, akacheza na kuigiza. Kando yake vijana walipiga kwa vijiti mti mkavu uliolazwa juu ya fito ndogo ili usiguse ardhi. Wanakijiji waliitikia viitikio na kumtuza.

Alichoghani ni Utendi wa Mwindo. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, na wasaidizi wake Wanyanga waliuandika neno kwa neno, na mwaka 1969 yeye na mwanaisimu Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, wakauchapisha California. Leo unasomwa katika vyuo vikuu vya mbali, huku kijana wa Walikale, eneo la Wanyanga, akiweza kukua bila kuusikia ukiimbwa.

Ndani ya utendi huo mna tamasha jingine. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, hakutaka mtoto wa kiume. Mwindo alipozaliwa, baba yake aliamuru afungiwe ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Ngoma ikaibuka, na mtoto akaimba humo humo, majini.

Rureke alisema kabla ya siku hizo 12 hakuwahi kuughani wote kwa siku mfululizo. Desturi ilikuwa kutoa kipande leo, kingine siku nyingine, kadiri watu walivyokusanyika. Ndiyo maana msikilizaji hapo si mgeni mwalikwa: asipoitikia, wimbo unabaki nusu.

Mjini desturi ni nyingine. Tamasha la Amani lilianza Goma Februari 2014, na limefanya kazi kubwa ya kuwakutanisha watu wa Maziwa Makuu. Lakini barabara haiishii Goma. Inapita Sake, inaelekea Masisi, na mbele yake Walikale. Wanaopanga utamaduni wa Kivu ya Kaskazini wamezoea kumwita msanii wa kijijini aje mjini, apewe dakika chache na maikrofoni, kisha arudi. Anakuja peke yake. Waitikiaji wake wamebaki nyumbani.

Na nyumba zenyewe zinahamwa. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre. Machi wakaingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Familia zinapokimbia, hubeba sufuria, magodoro na watoto. Kijiji kinachojua kuitikia hakibebeki. Kinatawanyika, huyu kambini, yule kwa ndugu, mwingine porini.

Kwa hiyo fedha za utamaduni zielekezwe kwanza kwa wazee ambao bado wanajua kughani, wakiwa pamoja na watu wao, hata kama ni uani mwa shule au chini ya turubai la wakimbizi. Simu ya kawaida yatosha kurekodi, na redio za jamii zinaweza kurusha kwa Kinyanga na Kihunde, lugha za Walikale na Masisi, bila kukata viitikio. Mghani alipwe siku zake zote, na kijana anayempigia vijiti alipwe pia, kwa sababu huyo ndiye atakayeghani baadaye.