Dawa ya Maabara si Majani ya Kichakani

Katika Kanoni na vijiji jirani vya Karagwe na Kyerwa, mazungumzo juu ya bangi yamebadilika sura. Zamani ilitajwa kwa kunong'ona. Siku hizi kijana huitaja mbele ya baba yake na kuongeza kwamba ng'ambo ya Mto Kagera serikali zimekwisha kuifanya dawa. Mzazi hubaki hana jibu. Juma hili tunapenda kumsaidia mzazi huyo, kwa kuwa habari anayoletewa ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli hupoteza watu kuliko uongo mtupu.

Tuanze na nusu iliyo sahihi. Lesotho ilitoa leseni za kilimo cha bangi ya tiba mwaka 2017, ikiwa ya kwanza barani Afrika. Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, na Malawi ikatunga sheria yake mwaka 2020. Oktoba mwaka huo huo, baraza la mawaziri la Rwanda liliidhinisha uzalishaji wake kwa ajili ya kuuzwa nje. Uganda nako, kampuni binafsi zimelima huko Kasese kwa soko la nje. Kuhusu dawa yenyewe, mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, kimiminika cha kanabidioli kinachotolewa kwa wagonjwa wenye aina nadra za kifafa kisichosikia dawa za kawaida. Kanabidioli hailevyi, kinacholevya ni kemikali nyingine ya mmea huo huo, iitwayo THC.

Nusu isiyosemwa ni namna tasnia hiyo inavyofanya kazi. Miche huzalishwa kwa vipandikizi vya mmea mama mmoja ili yote ifanane. Hukuzwa ndani ya vitalu nyumba, maji yakitolewa kwa matone na mwanga ukihesabiwa kwa saa. Maua hukaushwa, kisha mafuta yake hukamuliwa kwa gesi ya kaboni iliyogandamizwa. Maabara hupima kiasi cha kila kemikali, hutafuta ukungu, sumu za wadudu na madini mazito, na kila hatua huandikwa toka kitaluni hadi chupani. Juu ya hayo kuna uzio, kamera na walinzi.

Hilo si shamba la mkulima mwenye ekari moja ya migomba na mibuni. Watu wa Karagwe wanaijua butura: mkulima huuza kahawa ingali maua, na siku ya mavuno faida huwa ya mwenye fedha. Anayemshawishi kijana wetu apande bangi kwa kungojea ruhusa anamtaka aubebe mzigo mzito kuliko wa butura, maana humo mkulima hupoteza mavuno, na humu atapoteza uhuru wake. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ingali inafanya kulima, kumiliki na kusafirisha bangi kuwa kosa lenye kifungo kirefu. Hata huko Rwanda, ruhusa ni ya wawekezaji wenye leseni. Si ya kila mwenye jembe, wala si ya kuvuta barazani.

Linalotuhuzunisha zaidi ni hali ya mama mwenye mtoto wa kifafa, anapouziwa kichupa cha mafuta kisicho na lebo. Hajui kilichomo. Huenda mna THC, ambayo si salama kwa ubongo unaokua. Hatari kubwa zaidi ni kuambiwa aache vidonge vya hospitali. Kuacha ghafla dawa za kifafa kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na mtoto akafa. Hata ile dawa iliyoidhinishwa hutolewa kwa kufuata uzito wa mgonjwa, aghalabu pamoja na dawa nyingine, na ini lake hupimwa kabla na baada ya kuianza.

Tumkumbushe mama huyo jambo la faraja: Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila degedege wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo, na fenobabitali ni dawa ya bei nafuu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi kwa mate wala kwa povu. Basi aandike siku ya kila degedege na muda lililodumu, aende na daftari hilo kwa mganga wa hospitali, na kama dawa haimfai mtoto, aombe ibadilishwe.

Na dini yetu haikuacha mlango huu bila bawabu. Vilevi ni haramu, na wanazuoni waliihesabu hashishi miongoni mwa vilevi. Hata hivyo, wanazuoni wa Kishafi, akiwamo Imam Nawawi, walizungumzia kutumia kinachoondoa fahamu pale kiungo kilichooza kinapohitaji kukatwa, wakaruhusu kwa haja hiyo. Ruhusa ya haja ina mipaka ya haja: ugonjwa unaojulikana, tabibu mwaminifu, na kipimo. Asiye na hayo matatu hatafuti tiba.

Kwa hiyo, mzazi, kijana akikuambia kwamba bangi sasa ni dawa, usimfokee. Mkubalie kwamba kutokana na mmea ule imepatikana dawa. Kisha umuulize: hii uliyonayo ni ya ugonjwa gani, imeandikwa na daktari gani, na nani aliyeipima? Umngoje ajibu. Akikosa jibu, mazungumzo yenu ndipo yaanze, naye akiwa bado ameketi karibu nawe.

Allah Azihifadhi akili za watoto wetu na Awaponye wagonjwa wetu. Wallahu a'lam.