Kijana Aliye Hatarini Atibiwe Pamoja na Jamaa Zake

Katika nyumba nyingi za Pwani, kijana akikesha siku kadhaa, akisema bila kupumua na kutumia pesa ovyo, kisha akazama katika huzuni, huambiwa ana shetani. Huenda ni baipola, maradhi ya akili ambayo mara nyingi hufuata ukoo na kuanza ujanani.

Je, mazungumzo yaweza kuyazuia? Utafiti wa Marekani ulioongozwa na David Miklowitz na kuchapishwa 2020 ulifuatilia vijana 127 wa miaka 9 hadi 17 waliokuwa na dalili na jamaa wa karibu mwenye baipola. Waliohudhuria vikao 12 pamoja na familia, wakifunzwa kutambua dalili, kusikilizana na kutatua ugomvi, walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kurudiwa na huzuni nzito. Lakini idadi ya waliopata baipola kamili haikupungua.

Tusidanganyane, basi: hii bado si kinga. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, miezi michache ya utulivu ndiyo masomo yake, pengine ndiyo uhai wake.

Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yamezipa kaunti jukumu la huduma hizi. Naziuliza kaunti zetu sita: ni zahanati gani iliyo na mshauri nasaha aliyefunzwa kuketi na mzazi na mwana? Vikao havitaki mashine, vyataka watu. Nasi wazazi, tusingoje. Kijana aombewe dua, na daktari pia amwone.