MAZUNGUMZO YA NYUMBANI
Jumapili Moja Buhonga

Jirani yangu, mke wa askari polisi na mzaliwa wa Buyenzi, aliposikia kwamba nakusudia kuwapeleka watoto Buhonga kuitazama misheni ya kale, alitikisa kichwa. "Dada, mambo ya misheni yana wenyewe. Sisi Waswahili tutatafuta nini huko?" Hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyolelewa.

Nikamweleza kwamba Mapadre Weupe hawakuanzia vilimani. Walianzia ufukoni mwa ziwa, Rumonge, mwaka 1879, baada ya kufuata njia ya misafara ya Tabora na Ujiji, mizigo yao ikichukuliwa na watu waliosema Kiswahili. Kituo hicho hakikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre wawili, Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao D'Hoop, waliuawa katika ugomvi uliozuka juu ya mtoto mmoja aliyekuwa akilelewa hapo. Ndipo baadaye sana ikaanzishwa Muyaga mwaka 1898, Mugera mwaka 1899, na Buhonga mwaka 1902. Wakati huo mji wetu, ukiitwa Usumbura, ulikuwa kambi ya Wajerumani, na lugha ya askari wake ilikuwa Kiswahili.

Tena mwaka 1903 ilichapwa huko Uholanzi kamusi ya Padre van der Burgt, ya Kifaransa na Kirundi, nayo ikatia pia maana za Kiswahili na Kijerumani. "Basi maneno ya bibi zako yamo katika kitabu cha padre," nikamwambia. Akacheka, akaenda kutafuta kapu.

Mumewe alikuwa zamu, kwa hiyo tulikwenda sisi na watoto watano. Tulifika Misa ikiwa imekwisha, maana si adabu kuzungukazunguka watu wakiwa katika ibada. Chukueni sweta; huko juu baridi si ya mjini. Chakula chetu, ndizi na ndagala, tulikila nje ya uwanja wa kanisa, chini ya miti, ziwa lote likiwa mbele yetu na milima ya Kongo ng'ambo.

Kijana wa jirani yangu, mwenye miaka tisa, aliuliza nani aliyejenga. Nilianza kumtajia mapadre. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu akanikatiza kwa upole: mapadre walichora, udongo ulikanyagwa na watu wa kilima, na kuni za kuchomea matofali waliziteremsha wao begani. Babu yake alikuwa mmoja wao, na jina lake halikuandikwa popote. Aliyasema hayo kwa Kiswahili safi, nami niliona haya kidogo.

Jirani yangu alimsogezea sahani. Waliongea mpaka jua likaegemea Uvira, mimi nikiwatafuta watoto viatu vyao. Njiani aliniuliza gari la kwenda Rumonge huondoka saa ngapi.