VIBARUA WA GHALA NA CHAMA CHA WAFANYAKAZI



Tangu vibarua wa ghala letu na karani wa mizani waseme wanataka kujiunga na chama cha wafanyakazi, maneno yamekuwa mengi. Kwenye bao maneno, kisimani maneno, gulioni ndiyo usiseme. Wapo wanaouliza, hivi hawa wana kiwanda gani? Chama cha wafanyakazi ni cha watu wa bandari na reli, siyo cha wabeba korosho. Wengine wanasema waziwazi kwamba wakijiunga waondolewe, msimu ujao tuchukue wengine. Sisi wa ubao huu tunapinga.

Hao watu wa bandari wenyewe walikuwa nani? Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata njia ya reli mpaka bara. Wengi walikuwa vibarua wa kutwa: ukichaguliwa leo umekula, usipochaguliwa unarudi nyumbani mikono mitupu. Kazi yao kubeba mizigo, na sehemu kubwa ya mizigo ile ilikuwa mazao ya wakulima. Wakaunda chama chao. Mwaka 1950, baada ya mgomo mwingine, chama kile kikavunjwa na wakoloni. Hawakukata tamaa, na mwaka 1955 vyama mbalimbali vikaungana kuwa TFL, katibu mkuu wake Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu.

Na sisi wakulima? Wenzetu wa kahawa Kilimanjaro waliandikisha KNCU mwaka 1933. Sababu ilikuwa ile ile. Mkulima mmoja mwenye gunia moja mbele ya mnunuzi hana kauli, anapangiwa bei naye anapokea. Kibarua mmoja mbele ya mwajiri ni hivyo hivyo. Sasa sisi tulioungana ili tusipangiwe bei ya korosho, tutamkatazaje mwenzetu asiungane ili asipangiwe bei ya mgongo wake?

Hata misukosuko tumepata pamoja. Mwaka 1964 TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA kwa sheria, na katibu mkuu wake akateuliwa na Rais, huku yeye mwenyewe ndiye Waziri wa Kazi. Mfanyakazi akienda kumlalamikia waziri anamkuta katibu wake, akirudi kwa katibu anamkuta waziri! Mwaka 1976 zamu ikawa yetu: vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, mpaka sheria ya 1982 ilipovirudisha. Wazee mliokuwapo mnakumbuka ilivyokuwa kuuza mazao bila chombo chenu wenyewe. Basi msimwombee mwenzenu hali ile.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo si ya kuchekwa. Mishahara ya ghala inatoka kwenye makato ya kilo zetu. Vibarua wakipandishiwa, makato nayo yanaweza kupanda. Azimio la Arusha la 1967 lenyewe lilionya kwamba tusipoangalia, watu wa mjini watamnyonya mkulima. Ni kweli. Lakini kibarua wa ghala letu si mtu wa mjini. Ni mtoto wa shangazi, jembe lake liko kwake, na senti anayoipata anaiacha dukani hapa hapa. Halafu tuulizane: katika makato yote tunayokatwa, fungu la vibarua ni kiasi gani, na la safari na vikao ni kiasi gani? Hesabu zibandikwe hapa ubaoni tuzione.

Wala hatusemi chama cha wafanyakazi ni dawa ya kila ugonjwa. Korosho yetu nyingi inasafirishwa ghafi, inakwenda kubanguliwa India na Vietnam. Kule Kollam, katika jimbo la Kerala, wabanguaji wengi ni wanawake, na wamo katika vyama siku nyingi. Walipopata ujira wa juu, baadhi ya matajiri walihamishia kazi jimbo jirani la Tamil Nadu ambako malipo ni madogo. Na viwanda vya korosho vya kusini mwa nchi yetu, vilivyojengwa miaka ya 1970 na 1980, vingi vilisimama. Hakuna chama cha wafanyakazi kinachoweza kuendesha mashine isiyo na mtaji. Chama kinagawana kilichopo. Kisichopo hakikileti.

Lakini bila chama ugomvi hauishi, unapita mlango wa nyuma. Gunia linachanika lenyewe, mizani inachezewa, siku lori likifika watu hawaonekani. Afadhali malalamiko yaje mezani yakiwa na jina la msemaji.

Wanaoogopa mgomo katikati ya msimu waelewe kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu watu kuamka tu na kugoma. Mgogoro wa maslahi unapelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usuluhishi una siku 30, ukishindikana wanachama wanapiga kura, kisha mwajiri anapewa taarifa ya saa 48. Na sheria hiyo hiyo inakataza kumfukuza mtu kwa sababu amejiunga na chama. Wanaosema "waondolewe" wanataka kuutia ushirika wetu kesini, na gharama ya kesi, jamani, nayo itatoka kwenye makato.

Tunaomba halmashauri iite msemaji wa vibarua kabla ghala halijafunguliwa. Waandikiane mkataba: malipo kwa gunia, siku ya kulipwa, vitambaa vya kuziba pua kwa ajili ya vumbi, na nani anamtibu anayeangukiwa na gunia. Mkataba usomwe mbele ya mkutano mkuu. Mwanachama asiyekubaliana nasi alete maandishi yake kwa katibu, nafasi upande wa kulia wa ubao bado ipo.