Ukinzani si Impedansi: Hoja kuhusu Istilahi za Elektroniki

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha uhandisi wa kompyuta nchini Tanzania. Wanafunzi husomeshwa kwa Kiingereza, lakini wao kwa wao hufafanuliana kwa Kiswahili. Katika kufafanuliana huko ni rahisi neno ukinzani libebeshwe dhana mbili zisizolingana.

Ichukuliwe, mathalani, njia ya shaba katika bodi ya sakiti, iunganishayo prosesa na chipu ya kumbukumbu: urefu sentimita 10, upana milimita 0.15, unene mikromita 35. Kipimo cha ukinzani kitaonyesha takriban omu 0.3. Hata hivyo, mhandisi huiita njia hiyo ya omu 50, naye hakosei. Omu hizo 50 hazitokani na shaba kuzuia mkondo, bali na uwiano wa indaktansi na kapasitansi za njia yenyewe. Ishara ikifika mahali ambapo thamani hiyo inapanda ghafla hadi omu 75, sehemu moja ya tano ya volteji yake hurudi ilikotoka na huweza kuvuruga biti zinazofuata.

Hali hii si ngeni kwa mkazi wa uwanda wa kati. Sauti ielekezwayo kwenye majabali ya Dodoma hurudi kama mwangwi kwa kuwa hewa na jabali hupokea mawimbi kwa namna tofauti.

Athari ya kuchanganya dhana hizi si ndogo. Anayedhani kuwa omu 50 ni ukinzani atajitahidi kuzipunguza. Kumbe mhandisi, akiwa na chipu itumayo ishara kwa omu 30, huongeza kikinza cha omu 20 mwanzoni mwa njia ili jumla ilingane na 50. Kinachotafutwa ni ulinganifu, wala si udogo.

Hivyo basi, yafaa ukinzani ubaki na maana yake ya awali, na dhana ya pili iitwe impedansi. Tendo la kuilinganisha liitwe ulinganishaji impedansi, na ishara irudiyo iitwe mwangwi. Huenda wapo watakaolipinga neno la mkopo. Lakini Kiswahili kimekwisha kupokea volti na transista bila kudhurika, ilhali neno la asili linalompotosha mwanafunzi humgharimu bodi nzima.