Moto wa mwezi wa 9 na budjeti ya mwaka



Wiki hii sitasema juu ya daftari za watoto. Ninataka tuseme juu ya moto, kwa sababu tumeingia mwezi wa 5, mvua imekatika na manyasi yanaanza kukauka.

Wale wa kikundi chetu mnakumbuka mwaka jana. Vijana waliwasha pori ili kufukuza panya, upepo ukageuka, na kwa muda wa saa moja tulipoteza kibanda chenye mbegu za mahindi na karanga tulizonunua kwa pesa ya likelemba. Hakuna mtu aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini mama mmoja, mjane mwenye watoto 5, alikosa mbegu ya kupanda mvua ziliporudi, na mtoto wake wa kwanza aliacha masomo. Mimi ndiye mwalimu wa mtoto huyo. Jina lake lingali katika daftari langu, na kila asubuhi ninalipita bila kuliita.

Baada ya moto ule tulienda watatu kwenye ofisi moja kuomba vitu vidogo: majembe, mapanga, mapipa ya maji. Baba aliyetupokea alitupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Mama Mwalimu, mnayosema ni kweli. Lakini katika budjeti hakuna mstari wa moto. Nikitoa pesa, nitaandika nini?” Tulirudi na hasira. Leo ninaona kwamba alitufundisha jambo. Pesa isiyo na mstari haitoki, na sisi tulikwenda mwezi wa 10, baada ya moto kupita.

Basi tuangalie pesa hiyo inavyotembea. Tuchukue mfano wa sokoni. Tuseme mapato ya taifa yanayotoka majimboni ni meka 100 za mahindi. Katiba ya 2006, kipengele cha 175, inasema meka 40 ziwe za majimbo. Kisha sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10, 2008, juu ya miji, komini, sekta na shefri, inasema katika fungu hilo la jimbo, sehemu 40 kwa 100 ziende kwa miji, komini, sekta na shefri. Piga hesabu na mtoto wako wa darasa la 6: 40 kwa 100 ya meka 40 ni meka 16. Tena Katiba inataka meka 10 nyingine ziwekwe katika kasha la taifa la kusaidia kusawazisha maendeleo ya majimbo.

Mtaniambia: Mama Mwalimu, hizo meka ziko wapi? Ni swali la haki. Miaka mingi majimbo yanalalamika kwamba Kinshasa haiachi 40 zile, inatuma kidogo kidogo, na kile kinachoshuka kutoka jimboni kuja vijijini ni kidogo zaidi. Tena sheria inataka sekta na shefri ziwe na baraza la washauri waliochaguliwa, lakini kwetu vijijini uchaguzi wa washauri hao haujafanyika. Kwa hiyo hatuna mtu tuliyempigia kura wa kumuuliza. Lakini kidogo kinachofika kinagawanywa na watu, na watu hao wanaandika karatasi. Asiyeomba hawekwi kwenye karatasi.

Angalieni wenzetu wa Kenya. Katiba yao ya 2010 imeandika wazi kwamba kuzima moto na kushughulikia maafa ni kazi ya serikali ya kaunti. Tena sheria yao inataka wananchi wasikilizwe kabla ya budjeti ya kaunti kupitishwa. Sisemi kwamba huko kila kitu ni kizuri. Ninasema kwamba mama wa kule, nyumba yake ikiungua, anajua mlango wa kugonga. Sisi tunapaswa kuutafuta mlango huo sisi wenyewe.

Na mlango una wakati wake. Bunge la jimbo, kule Kamina, hukaa kikao cha budjeti kuanzia mwisho wa mwezi wa 9. Budjeti ya sekta na shefri inaingizwa ndani ya ile ya jimbo, kwa hiyo inatayarishwa mbele ya hapo, katika miezi hii ya kipwa. Mnaona? Wakati moto unapowaka sana, karatasi za mwaka unaofuata zinakwenda kufungwa. Tukingoja tuungue kwanza, tumechelewa mwaka mzima.

Tuombe nini? Tusiombe gari la kuzima moto. Hata likiwepo Kamina, moto wa manyasi makavu hautalingojea. Tuombe vitu vyenye hesabu: majembe na mapanga kwa kila kijiji, mapipa ya maji karibu na masomo na kituo cha afya, kutengeneza visima vilivyokufa, na posho ndogo kwa vijana wanaofyeka ukanda wa kuzuia moto. Andikeni barua ya ukurasa mmoja, wekeni idadi na bei ya sokoni, mama wote watie sahihi au alama ya kidole. Tengenezeni nakala 2, na ile ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri na tarehe ndivyo vitakavyosema kwa niaba yetu mwezi wa 10.

Lakini barua haizimi moto wa mwaka huu. Kuna kazi ya mikono yetu. Mwaka 1933 wataalamu wa misitu walianza majaribio karibu na Ndola, Zambia, ng’ambo ya mpaka, katika pori la miombo kama letu. Sehemu moja hawakuichoma kamwe. Nyingine waliichoma kila mwaka mwanzoni mwa kipwa, nyingine kila mwaka mwishoni. Kwa miaka mingi, ile ya mwishoni iligeuka manyasi, miti ikabaki michache. Ile ya mwanzoni ilibaki na miti yake. Moto wa sasa, manyasi yakiwa na unyevu, ni mdogo na unazimika. Moto wa mwezi wa 9 unaua miti, na pamoja na miti unaondoa uyoga, viwavi na kuni zetu.

Kwa hiyo, kabla ya mwisho wa mwezi wa 6: tufyeke mita 5 kuzunguka kila nyumba, ghala na darasa. Kama kuna manyasi ya kuchoma, ichomwe kwa ruhusa ya shefu, jioni, upepo ukiwa umetulia, watu wakiwa wamesimama na matawi mabichi na maji. Mbabula isilale na makaa ndani ya nyumba ya manyasi. Na wavulana wetu tuwaambie sisi mama zao: panya mmoja wa kula na bukari hana bei ya kijiji.

Jumapili, baada ya ibada, tutaandika barua pamoja chini ya mwembe wa masomo. Nitaleta kalamu na karatasi. Ninyi leteni bei za sokoni. Nimemwomba yule mama mjane awe wa kwanza kutia sahihi, naye amekubali.

Tuonane wiki ijayo.